TAHADHARI: huyu muuza kimea ni tapeli, msimtumie hata senti

Jamani naandika mikono inatetemeka kwa hasira, mnivumilie. Yule muuza kimea (shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, ya kutengenezea bia) niliyewasifia, yule yule mliyekuwa mnaniomba namba yake, ni TAPELI. Kaniingiza mkenge mchana kweupe. Ile bia kali aina ya eli niliyowaahidi haipo, msije.

Na msinicheke, maana yeyote kati yenu angepigwa tu. Alinitumia sampuli kwanza, kiganja cha kimea, nikatafuna, kinavunjika vizuri na utamu upo kabisa. Halafu jamaa kazi anaijua, ananiambia bosi karameli (kimea cha kahawia cha kuongeza utamu na rangi) usizidishe asilimia 10 bia itakinaisha, loweka nyuzi 66 usifike 70, acha saa nzima. Sasa tapeli gani anakuelekeza mpaka joto la kulowekea? Nikaona hapa nimepata mtu, nikatuma hela yote.

Mzigo ukaja umeshasagwa, eti "nimekusagia bure bosi wangu". Haya. Nikaloweka kilo 6 za kimea cha kawaida na nusu kilo ya karameli, lengo lita 20, haidromita, kile kipima sukari, nategemea isome kama 1.070 hivi (maji matupu ni 1.000). Nakoroga, nachungulia kipimajoto, 66 imetulia, naonja, hakuna sukari, ladha ya uji tu. Nikasema labda bado, nikaongeza muda. Mwisho nikaweka tone la ule uji kwenye kisahani cheupe nikadondoshea ayodini, likawa jeusi tii pale pale. Wanga mtupu! Kuchuja nako balaa, maji hayapiti, limeganda lote. Nachovya haidromita inasoma 1.014, na shemeji yenu kasimama na wageni wake wananitazama mimi fundi wa bia nimeshika chujio. Ile aibu acha tu.

Kumbe ni shayiri mbichi, haijaoteshwa kabisa! Ukiwa na shayiri ambayo haikuoteshwa, vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari havitoshi, utaloweka mpaka kesho. Na hiyo karameli yake, zilikuwepo punje zilizoponea kusagwa, nikapasua moja kwa kisu: ganda limeungua upande mmoja, ndani nyeupe pe kama chaki. Karameli ya kweli ndani ni kahawia, ngumu na inang'aa. Mtu kachukua shayiri kaikaanga kwenye kikaango kaniuzia. Kikaango jamani!

Nampigia ananiambia "maji yako yana shida hayo bosi". Maji yangu! Nikamtumia picha ya kisahani, kaiona, kimya, sasa hivi kanibloki.

Huyu akamatwe, arudishe hela za watu wote, na kabla hajafungwa anyweshwe ule uji lita zote 20 mbele yetu, na mimi ndo nishike kikombe. Sina huruma kabisa.

Haya dalili kwa kifupi maana bado nachemka: anayekung'ang'ania akusagie bure kataa, chukua punje nzima, tafuna za chini ya gunia siyo za sampuli. Shayiri mbichi jino linagoma, na ukiitia kwenye maji inazama wakati kimea kizuri kinaelea. Hopsi zake, yale maua ya kutia uchungu kwenye bia, pakiti ilikuwa wazi inanuka jibini, hizo nilitupa mapema. Halafu anabadilisha jina kila mara, mtamjua kwa hilo "bosi wangu" lake.

Mwenye kujua anakojificha aniandikie pembeni, leo leo.