Bima ya mwanafunzi wa masta hapa Dodoma, niliyoyaona mimi

Wakuu mambo vipi, kuna mdogo wangu anakuja Dodoma kuanza masta kaniuliza dada nikate bima ipi, nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona inakuwa gazeti, bora niimwage hapa msome wote. Mi nipo mwaka wa pili kwa karatasi, kiukweli ni wa tatu, utafiti haujaisha, waliopita huko watanielewa. Naishi Ng'hong'hona na mzee, yaani mume wangu, na watoto wawili, sina ajira, nauza vitenge, kwahiyo kila shilingi naiangalia usoni kabla ya kuiachia.

Nianze na kadi ya mwanafunzi ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, maana ndo wengi wetu tunayo. Mimi nimelipa 50,400 kwa mwaka, piga hesabu ni 4,200 kwa mwezi, yaani chipsi mayai na soda unakaribia kumaliza. Kile kifurushi chao cha Najali Afya walichokileta 2019 kwa mtu mmoja wa miaka 18 mpaka 35 kilikuwa kinaanzia 192,000, karibu mara nne, kwahiyo mtu akikwambia ya mwanafunzi ni ghali muulize anafananisha na nini. Kwa bei hiyo mi naipa tisa kwa kumi. Ile moja iliyobaki nimeikata kwa sababu ya yaliyonikuta mwaka wa kwanza.

Nililipia mwezi wa 11 pamoja na ada, risiti ninayo, nikajua basi nina bima. Mwezi wa pili tumbo likanishika usiku, mzee akaita bajaji tukakimbilia hospitali moja ya mjini, dirishani dada akaingiza namba akaniangalia akasema mama hii haisomi. Nikamwonyesha risiti. Akasema risiti ni ya chuo, kwenye mfumo wewe haupo. Sikuwa na nguvu ya kubishana, mzee akatoa hela taslimu, kumuona daktari, vipimo vya damu, ultrasaundi, drip na dawa, tukatoka 138,000 imekatika na mtaji wa vitenge umeenda nayo. Nikaja kugundua hela ilifika ila jina langu halikupelekwa sababu picha yangu ilikuwa na kasoro na hakuna aliyenipigia kuniambia. Chuo sikitaji na dirisha silitaji, wanajijua.

Kwahiyo mdogo wangu ukishalipa usikae. Nenda ofisi inayoshughulika na bima chuoni uliza jina lako limetumwa lini, rudi tena baada ya wiki mbili, wakikuchoka poa tu. Halafu ukiwa mzima wa afya kabisa ingia zahanati yoyote inayopokea bima waombe wakuangalizie namba kama inasoma. Dakika tano. Mi mwaka wa pili nilifanya hivyo na kadi imenitibu jino, UTI mara mbili na macho bila kutoa hata mia. Kuna siku dawa moja haikuwepo hospitali, nikataka kwenda kununua mwenyewe, mama mmoja kwenye benchi akanishika mkono akaniambia dai fomu 2C ukachukue famasi ya nje inayopokea bima, nikadai nikapewa. Angekuwa hajakaa pale ningelipa, maana daktari hakunigusia kabisa.

Kingine, usikariri kwamba hospitali fulani binafsi inapokea bima milele. Machi 2024 kitita kipya cha NHIF, yaani orodha ya huduma na bei wanazolipia, kilipoanza baadhi ya hospitali binafsi ziligoma kupokea wenye kadi kwa siku kadhaa, watu walitaabika. Piga simu kwanza ndo upande daladala. Na ile hospitali ya Benjamin Mkapa pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, isikudanganye kwa ukaribu, ile ni ya rufaa, mafua yako peleka zahanati.

Wale wenzangu mnaokuja masta mkiwa waajiriwa wa serikali, walimu na watu wa halmashauri, nyie mna kadi ya kazini tayari, asilimia 3 inakatwa kwenye mshahara wako na 3 analipa mwajiri, na mwenza na wategemezi wamo. Onyesheni hiyo kadi siku ya usajili kabla hujapewa kontroo namba ya kulipia bima. Darasani kwetu kuna mwalimu kalipa zote mbili, na mpaka leo akisikia neno bima anakunja sura.

Sasa familia. Kadi ya mwanafunzi ni ya kwako wewe, mtoto hayumo, mume hayumo. Hapo ndo nikakata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, wakati nakata ilikuwa 30,000 kwa mwaka kaya nzima mpaka watu sita. Elfu tano kwa kichwa! Mwandikishaji wa mtaa alikuja mpaka nyumbani akatupiga picha sebuleni, mtoto mdogo analia picha nzima. Ila ujue unachonunua, ni vituo vya serikali, unaanzia zahanati au kituo cha afya, General, hospitali ya mkoa, unafika kwa rufaa, na binafsi sahau. Dawa ndo kidonda. Amoksilini ya mtoto tumeambiwa haipo mara tatu nenda kanunue, na hapo CHF haikurudishii kitu. Bado mwaka huu nitakata tena, maana kumuona daktari na vipimo vya malaria peke yake kwa watoto wa hapa kwetu na hili vumbi na homa zao zisizoisha hela yangu imesharudi. Sita kwa kumi.

Za kampuni binafsi sizisemi sana, niliulizia kwa wakala mmoja akanitajia kifurushi cha kulazwa, nikafurahi, kumbe matibabu ya kwenda na kurudi unaongezea na uzazi una muda wa kusubiri, nikamshukuru nikaenda zangu. Kama kuna ofisi inakulipia kata tu, wewe wa kujilipia ada mwenyewe achana nazo kwanza.

La mwisho linaniuma sasa hivi. Kadi inaishia na mwaka wa masomo, supavaiza wako hajali. Mimi rasimu yangu imekaa kwake tangu Pasaka, kadi ikaisha, nikawa miezi miwili natembea kwa tahadhari kama nimebeba mayai mpaka nikakamilisha usajili wa muda wa ziada ndo nikaweza kulipia tena. Omba mapema, usisubiri iishe.

Mdogo wangu njoo na namba ya NIDA na picha ya nyuma nyeupe. Na miwani vua, yangu ilikataliwa kwa hilo tu.