Walinibadilishia steringi: uzoefu wangu na vitabu vya Leaphorn na Chee

Niseme mapema, Spider Woman's Daughter, cha Anne Hillerman cha 2013, sio kitabu kibaya. Kinasomeka haraka, na mtu akikiokota bila kujua kilichotangulia atakipenda tu. Shida ni kwamba mi nilikuwa najua kilichotangulia, nimekaa na vile vitabu vya mwanzo miaka mingi, na nikakinunua hiki kwa hamu kubwa nikakimaliza nikiwa nimenuna. Nakipa nyota 3 kati ya 5 na naomba mnisikilize kwa nini.

Kwa wasiojua, hizi ni riwaya za upelelezi alizoanza Tony Hillerman mwaka 1970, mwandishi wa habari wa zamani huko New Mexico, Marekani. Wapelelezi wake ni polisi wa taifa la Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, na nchi yao ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 70,000, imegusa Arizona, New Mexico na Utah, watu wachache, polisi wachache zaidi, kwa hiyo afande mmoja anaendesha gari masaa na masaa kwenye barabara ya vumbi kwenda kumuuliza bibi mmoja swali moja. Kama umewahi kutoka Yumbe kwenda Moyo kwenye marram wakati wa kiangazi hilo halihitaji kuelezwa. Huku Arua vitabu hivi dukani huvipati, mi nanunua kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini pale Kampala, naviweka kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), vinapanda basi la usiku na mimi. Hiki cha 2013 ndio nilikisoma kwenye simu.

Sasa mzee mwenyewe, Luteni Joe Leaphorn. Ofisini ana ramani kubwa ukutani imejaa pini za rangi mbalimbali, kila rangi na aina yake ya tukio, na anaweza kusimama mbele ya ile ramani muda mrefu anaangalia tu, kwa sababu haamini kwamba mambo mawili yanaweza kutokea pamoja hivihivi, lazima kuna kamba inayoyafunga. Akienda nyumbani kwa mtu hashuki kwenye gari. Anasimama mbali kidogo na mlango, anazima injini, anakaa. Mwenye nyumba akitaka mgeni atatoka mlangoni, asipotaka basi. Hiyo ndio hodi yao kule. Na Hillerman hakukimbizi, anakuacha ukae mle ndani ya gari na mzee, unaangalia kondoo, unaangalia alama za matairi kwenye vumbi, unajiuliza hii gari nyingine ilikuja lini, na mlango ukija kufunguka mzee ameshapata nusu ya alichokuja kuuliza.

Halafu kuna habari ya uchawi. Leaphorn anachukia maneno ya uchawi kwa sababu akiwa afande mdogo alisikia fununu hizo akazipuuza na watu wakafa. Sio kwamba anaamini wachawi, anaamini kwamba watu wanaoamini wachawi wanaweza kuua jirani yao. Hiyo imenigusa sana. Mjomba wangu ni polisi mstaafu, kazi yake yote alikuwa vijijini, na anasema kesi zilizomkosesha usingizi sio za wezi wa ng'ombe, ni za bibi kizee anayenyooshewa kidole mtoto wa jirani akifa. Nilipompa Skinwalkers, kile cha 1986, alisoma taratibu na miwani yake, akaniambia huyu mtu amewahi kukaa stesheni.

Sasa mtu ataniambia, mbona Hillerman mwenyewe alibadilisha steringi, yaani mhusika mkuu? Ni kweli, na hapo ndipo penye hoja yangu yote. Vitabu vitatu vya kwanza ni Leaphorn peke yake, 1970, 1973, 1978. Mwaka 1980 akatoa People of Darkness na Leaphorn hayumo, kuna kijana anaitwa Jim Chee, ambaye anataka awe polisi na wakati huohuo awe mganga wa kuimba nyimbo za tambiko za kwao, anafundishwa na mjomba wake. Kijana mwenye akili ya tofauti kabisa. Leaphorn anatafuta mpangilio, Chee anatafuta nani amepotea njia. Akapewa vitabu vyake vitatu, kesi zake, wasichana wake, makosa yake, na katika muda wote huo hakuna aliyemgusa yule mzee, yupo zake kwenye ofisi nyingine. Mwaka 1986 ndio wanakutanishwa kwenye kesi moja na mwanzoni hawapendani hata kidogo, mzee anamuona kijana hafuati utaratibu, kijana anamuogopa mzee. Ukisoma unakuwa na wote wawili, hujanyang'anywa kitu.

Hillerman alifariki 2008. Binti yake Anne, naye mwandishi wa habari, akaendeleza kuanzia 2013, na steringi wake ni Bernadette Manuelito, Bernie, afande wa kike ambaye baba mtu alishamuingiza kwenye vitabu vya nyuma na ambaye sasa ni mke wa Chee. Mpaka hapo mi sina neno. Nilifurahi.

(Kama hujasoma na unapanga kusoma ruka aya hii.) Sura ya kwanza, Window Rock, makao makuu ya Wanavajo, maafande wamekula chakula cha asubuhi na mzee, Bernie yuko nje anaongea na simu, mzee anatoka anaelekea kwenye gari yake, anatokea mtu kajifunika kichwa na kofia ya sweta anampiga risasi ya kichwa mbele ya macho ya Bernie. Hafi. Lakini kuanzia pale mzee ni mtu wa kitandani, mashine na madaktari, haongei, na sisi tulionunua kitabu tunazunguka hospitali tunasubiri afumbue macho.

Jamani. Mtu ambaye silaha yake ni kufikiri wamempiga kichwani, wakamuacha hai, wakamnyamazisha, halafu wakaniambia haya sasa muangalie huyu mwingine. Kwenye vibanda vya video huku kwetu steringi akipigwa risasi dakika ya kumi watu wanataka hela yao, hata VJ, yule mtafsiri wa filamu, atafsiri vizuri namna gani, na mimi nilikuwa na hasira ileile. Angekufa ningelia nikamzika. Angeachana kabisa na upelelezi akaenda kuvua samaki ningemtakia heri. Lakini kumlaza pale ukurasa baada ya ukurasa ni kunifanya nimsubiri, na msomaji anayemsubiri mtu hawezi kumpenda mwingine.

Na anayeumia zaidi ni Bernie mwenyewe. Kwa kuwa ni shahidi, bosi wao Kapteni Largo anamtoa kwenye kesi, kesi anapewa Chee. Yaani steringi mpya kitabu chake cha kwanza anaambiwa kapumzike! Inabidi afanye kazi kwa pembeni, na kila akigundua kitu mi akili yangu iko hospitali, mzee ameamka? Hakupewa nafasi, alipewa pengo. Halafu kesi yenyewe inarudi nyuma kwenye mambo ya A Thief of Time ya 1988, vyungu vya kale na magofu ya Chaco Canyon, kitabu ambacho ni cha mzee kabisakabisa, mke wake Emma amefariki, ameshaamua kuacha kazi, na kinachomtoa ndani ni mwanamke mtaalamu wa vyungu aliyepotea jangwani. Ukinikumbusha kitabu kile halafu mwenye kile kitabu hawezi hata kunena, unanitesa banange.

Nimesikia watu wakilalamika kwamba kosa ni kumweka mwanamke mbele. Hao sikubaliani nao hata chembe. Sehemu za Bernie nyumbani kwa mama yake huko Toadlena ni nzuri kuliko chochote alichowahi kuandika baba mtu kuhusu familia. Mama ni mfumaji wa mazulia, mikono imeanza kukataa, mdogo wake Darleen ndiye anatakiwa kumwangalia lakini pombe imemshika, na Bernie akitoka kazini amechoka, sare bado iko mwilini, anaendesha mpaka kule kuhakikisha mama amekula. Dada zetu wangapi wako hivyo, mshahara wa serikali, mama mgonjwa kijijini, mdogo wa mwisho mlevi, na asubuhi saa moja awe kazini nguo imepigwa pasi. Hapo Anne anajua anachokiandika. Ningesoma kitabu kizima cha Bernie na mama yake na kesi moja ndogo ya wizi, mzee akiwa kwake Window Rock na ramani yake, anapigiwa simu mara moja moja. Wala nisingehisi nimebadilishiwa mtu.

Mjomba nilimpa simu asome. Alifika pale penye risasi akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mwanangu, wamempiga mzee?"

Nikamwambia ndiyo mjomba lakini endelea, hajafa.

"Hajafa, lakini kazini atarudi?"

Nikasema kwenye hiki hapana. Akanirudishia simu. Mpaka leo hajaendelea na sijamlazimisha.

Mimi niliendelea, na kwa haki lazima niseme mambo yanatengemaa. Katika vilivyofuata mzee anapona polepole, Kinavajo kinamrudia kabla ya Kiingereza, anaandika kwenye kompyuta, na Bernie anakuja kumuomba ushauri kama mtu anayemheshimu na sio kama mgonjwa. The Tale Teller ya 2019 ndio iliyonirudisha kabisa, kwa sababu humo mzee anapewa kesi yake mwenyewe, vazi la zamani lililotakiwa kufika makumbusho ya Wanavajo halikufika, ni la Juanita mke wa Manuelito, chifu wa enzi zile Wanavajo walipoondolewa kwao kwa nguvu mwaka 1864. Mzee anapekua makaratasi, anauliza maswali, hana haraka. Bernie naye ana kesi yake kando. Wote wawili wanafanya kazi! Ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu 2013. Ile tamthilia ya Dark Winds iliyoanza 2022 inamweka Leaphorn mbele, Bernie yupo, Chee yupo, kila mtu na mzigo wake, na nimeona watu ambao hawajasoma hata kitabu kimoja wanawapenda wote watatu.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, usianze na hiki cha 2013 hata kama ndicho utakachokikuta rahisi mtandaoni. Anza na Skinwalkers, nenda A Thief of Time, halafu vya miaka ya 1990 ambako Bernie anaingia kama afande mgeni, pita The Wailing Wind ya 2002 ambayo yeye ndiye anakuta maiti kwenye gari na unaanza kuona atafika mbali. Ukishampenda hapo ndio usome cha Anne, itakuuma lakini utavuka. Na kama uko Arua, Koboko au hata Nebbi na unayo A Thief of Time ya karatasi, nakala yangu imeachia kurasa zote za katikati, nakupa The Dark Wind na Coyote Waits kwa hiyo moja.