Ununue nini kwanza ili kurenda DVD za harusi kuishe haraka na picha isiharibike

Wadau wa video za harusi, kila msimu swali ni lile lile, hasa ikifika Desemba kazi zimerundikana na bibi harusi anapiga simu kila siku: mashine inachelewa kurenda DVD (yaani kuigeuza video uliyohariri kuwa faili la mwisho), ninunue nini? Jibu la dukani karibu mara zote ni kadi kubwa ya grafiksi, maana ndo yenye boksi zuri na mataa. Mi nasema hapana, au tuseme si kwanza. Kwa kazi ya DVD hela ianzie kwenye prosesa, ifuate SSD, kadi ya grafiksi ije baadaye tena iwe ya kawaida tu, na sababu zipo.

DVD ya kuchezwa kwenye deki inataka video iliyobanwa kwa namna inayoitwa MPEG-2, na kwa mfumo wetu wa PAL picha ni 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Sasa hizi kadi za Nvidia zina kifaa cha kuenkodi, yaani kuandika video kwa kuibana, kinaitwa NVENC, kinaandika aina za H.264, HEVC na kwenye kadi mpya AV1 pia, lakini MPEG-2 haimo kabisa. Maana yake ukibonyeza eksipoti ya DVD, kazi ya kuandika ile video inaangukia kwa prosesa, uwe na kadi ya laki tatu au ya milioni tatu. Fungua Task Manager wakati inarenda ujionee: mstari wa CPU uko juu huko umeganda, wa GPU unapanda kidogo ukifika kwenye klipu yenye rangi au tranzisheni halafu unashuka tena chini, muda mwingi umelala tu.

Halafu kuna kitu wengi hawakitilii maanani. Hiyo picha ya 720 kwa 576 ni ndogo sana kwa prosesa za sasa, kuiandika yenyewe si kazi kubwa. Kinachokula usiku wako ni vya kabla yake: kufungua H.264 ya kamera ambayo imebanwa sana, kuishusha 4K hadi saizi ya DVD, kuweka rangi, kusafisha chenga za ukumbini ambako taa zilikuwa hafifu. Kwa hiyo unaponunua, jiulize kitu hiki kinanisaidia kwenye kufungua, kwenye kuhesabu, au kwenye kuandika.

Ila kabla hujatoa hata mia, kuna spidi ya bure mezani kwako. DVD ya kawaida ni GB 4.7, zidisha kwa 8 unapata megabiti 37,600, gawanya kwa sekunde za video yako. Saa moja na nusu ni sekunde 5,400, inakuja kama 7 hivi, toa sauti na nafasi ya menyu, weka bitireti, yaani megabiti za video kwa kila sekunde, ya 6.3 au 6.4. Saa mbili inakuja 5.2, weka 4.8. Saa moja hesabu inapita 10, lakini sheria ya DVD inaishia 9.8 kwa video, na deki nyingi za mtaani zinaanza kukwamakwama disiki ya kuchoma ikipita 8, so usiende huko, weka 8 inatosha. Na hapa ndo penye muda: video ya saa moja kwenye 8, chagua CBR (bitireti isiyobadilika) pasi moja, basi. Ukiweka VBR (bitireti inayopanda na kushuka kufuata picha) pasi mbili programu inapita taimlaini yote mara mbili, rangi zote na tranzisheni zote zinahesabiwa upya, muda unakaribia kuwa mara mbili na jicho halioni tofauti. Pasi mbili iache kwa video ndefu, ya saa mbili hivi, ambapo bitireti imebana na kuna watu wanacheza muziki chini ya taa za rangi, hapo pasi ya pili inaokoa picha kweli. Na jamani msibane saa nne kwenye DVD moja ya kawaida, hakuna mashine duniani itakayokuokoa hapo, gawa disiki mbili, moja ya kanisani au msikitini na nyingine ya ukumbini.

La pili la bure: ukishaeksipoti MPEG-2 iliyo sahihi usiiache programu ya menyu iienkodi upya. Kwenye DVDStyler, programu ya kutengeneza menyu za DVD, ingia properties za video uchague copy, itaipeleka kama ilivyo. Watu wengi wanarenda mara mbili bila kujua na mara ya pili ndo picha inapochakaa. Na kamera zote zipige fremu 25 au 50 tangu asubuhi, siyo 30, maana kugeuza 30 kwenda 25 kunaleta mruko kwenye mwendo wa bibi harusi akitembea na kunaongeza muda bure, mbali na kwamba umeme wetu ni hezi 50 na taa za ukumbi zitamemeteka.

Haya, tukija kwenye kununua.

Namba moja ni prosesa. Kwa bajeti ya kati mi nachagua desktopu ya Core i5-12400, kori 6 na nyuzi 12, lakini soma herufi vizuri, isiwe 12400F. Ile F haina grafiksi ya ndani, na grafiksi ya ndani ya Intel ndo yenye Quick Sync inayofungua H.264 na HEVC za kamera bila kuichosha prosesa. Tofauti ya bei ni ndogo na muuzaji anaweza asikwambie. Kama kamera yako inaandika HEVC ya 4:2:2 biti 10 (inayobeba rangi nyingi zaidi), hapo Intel kizazi cha 11 kwenda juu ndo mkombozi, maana kadi nyingi za Nvidia zilizoko madukani hazifungui hiyo. Ryzen 5 5600 nayo ina kori 6 nyuzi 12 na ina nguvu sana, ila haina grafiksi ya ndani kwa hiyo lazima ununue na kadi, piga hesabu ya jumla ndo ulinganishe.

Bajeti ikiwa ndogo, used za kazi nzito kama HP Z440 au Dell Precision T5810 zenye prosesa ya Xeon E5-1650 v3 au v4 ni mali. Kesi imara, pawasaplai ya uhakika, ramu nyingi zinaingia. Tatizo lake Xeon hizo hazina Quick Sync wala grafiksi ya ndani, na zinakula umeme, LUKU utaiona inavyoshuka. Ukienda kuichukua usikubali kuangalia imewaka tu, nenda na klipu zako kwenye flashi na programu unayotumia, waombe uzirende dakika kumi pale pale, sikiliza feni na uangalie kama spidi ya prosesa inaporomoka ikipata joto. Vumbi likiwa limejaa kwenye hitisinki mwambie asafishe na aweke pesti mpya kabla hujalipa.

Namba mbili SSD, lakini niseme ukweli, haiharakishi kuenkodi kwa namna watu wanavyodhani. Kamera ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji kama MB 12 na nusu tu kwa sekunde, hadi disk ya zamani inaweza. Shida inakuja ukiwa na kamera tatu kwenye taimlaini moja, kashe (faili za muda za programu) hapo hapo, na faili la eksipoti linaandikwa hapo hapo, disk ya kuzunguka inahangaika huku na huku na prosesa inabaki inasubiri. Nunua SSD ya GB 500 hata ya SATA, weka Windows na kashe, kazi unayoirenda leo iweke humo, zilizoisha hamishia kwenye disk kubwa.

Ramu GB 16, vipande viwili vya 8, siyo kimoja cha 16. Ukifanya 4K weka 32. Sina la kuongeza hapo.

Namba nne ndo kadi ya grafiksi. Siidharau, ina kazi mbili za maana. Rangi na efekti zinahesabiwa na CUDA, njia ya kadi za Nvidia kufanya hesabu, na ukiwa kwenye Premiere, programu ya kuhariri, CUDA ikiwa imewashwa kushusha HD kwenda saizi ya DVD kunafanyika kwa njia nzuri zaidi kuliko kurenda kwa prosesa peke yake bila kuwasha chaguo la Maximum Render Quality, kingo za gauni na maandishi hazichezi. Lakini kwa hayo GTX 1650 ya GB 4 inakutosha, kilichobaki peleka kwenye prosesa.

Laptopu naiweka mwisho kwa kazi hii. Ikiwa ni lazima, tafuta yenye herufi H mwishoni mwa jina la prosesa, zile za U zimetengenezwa kubana chaji, dakika chache tu za kurenda zinapata moto zinapunguza mwendo. Uzuri wake ina betri, umeme ukikatika saa nane usiku kazi haipotei. Mwenye desktopu anunue UPS, hata ndogo ya kukupa dakika kumi, na aeksipoti vipande: kanisani faili lake, ukumbini faili lake. Hata kwa spidi inasaidia, kama prosesa haijafika mia unaweza kurenda vipande viwili kwa pamoja.

Mwisho kuchoma. Tengeneza ISO, yaani faili moja lenye DVD nzima, mara moja tu, kopi zote zitoke humo, usirudi kurenda kwa kila kopi. Disiki zimeandikwa 16x ila choma kwa 8x, unapoteza dakika chache kwa kila moja na deki za zamani za wazee kijijini zinazisoma vizuri. Kama kila harusi inataka kopi ishirini, kabla ya kufikiria kadi mpya ya grafiksi ulizia bei ya duplikata yenye draivu kadhaa, inachoma yenyewe bila kompyuta, na wewe mashine yako inaendelea na harusi inayofuata.