Scrabble ya 15,000 pale Mwanga Kigoma na ile karatasi ya maneno yasiyo na irabu

Wale mnaoulizaga Kigoma mjini mtu anapata wapi Scrabble (ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni kuunda maneno, kila herufi na pointi zake) bila kuagiza Dar, ipo, kuna steshenari moja Mwanga kule upande wa soko wanauza 15,000 na ukibembeleza anakuachia kwa 13,000. Sio orijino tuelewane mapema, boksi halina jina la kampuni yoyote na juu kuna picha ya familia ya wazungu wanacheka mpaka unajiuliza wameambiwa nini. Ila ubao ni wenyewe, viboksi 15 kwa 15, vipande 100 vimo (hesabuni palepale kaunta, msione aibu), vibao vinne vya kusimamishia herufi na kimfuko cha kitambaa ambacho kimeshonwa hovyo, kinatema herufi pembeni.

Ila mi sikuja kuongelea boksi. Jamaa wa steshenari kaprinti orodha ya maneno ya Kingereza ambayo hayana A wala E wala I wala O wala U, kaipiga laminesheni, anauza buku moja. Hiyo karatasi ndo mali yenyewe. Chukua hata kama hela ya boksi huna, utachezea la mwenzio.

Sababu ni hii, sisi tumekulia kwenye lugha ambayo karibu kila neno linafungwa na irabu, hata mtu, hata mbwa, hata nchi, sasa ukivuta herufi saba zikaja R T H W C S N unaona mkosi umekuandama, unazirudisha mfukoni unabadilisha na zamu yako imekwenda na maji. Kumbe mkononi una CRWTHS, pointi 14 kabla hata hujagusa kiboksi cha rangi kinachozidisha pointi. Ni ala ya nyuzi ya zamani ya watu wa Wales, kwao W inasimama kama irabu ndo maana neno linatamkika. CWM nayo imetoka hukohuko, bonde lenye umbo la bakuli mlimani, pale Everest kuna Western Cwm ambayo mpanda milima Mwingereza George Mallory ndo aliipa jina 1921. CWM ina pointi 10 kwa herufi tatu tu, na C, W na M ni zile herufi zinazokaaga kwenye kibao mpaka mchezo unaisha.

Na mkono mkavu usio na irabu sio bahati mbaya ya mtu mmoja, ni hesabu. Ukitoa blanki 2 (vile vipande vitupu vinavyosimama kama herufi yoyote unayotaka) zinabaki herufi 98, irabu ni 42 tu (E 12, A 9, I 9, O 8, U 4) na zilizobaki 56 ni konsonanti ukiziweka na Y mbili. Kwahiyo lazima kuna siku utavuta majani matupu.

Hapa nawapa nilichokiona kwa macho. Kibirizi, mchana, boti inasubiri mzigo, ubao umewekwa juu ya benchi, wanacheza mwalimu mmoja wa Kingereza mstaafu na kijana wa bodaboda. Mwalimu anaongoza kwa pointi kama arobaini hivi, kaweka maneno ya kisomi marefu mpaka watu wanampigia makofi. Kijana kavuta konsonanti tupu, katulia, kachomoa PHPHT akaishikiza kwenye T iliyokuwa tayari ubaoni. Mwalimu kavua miwani.

"Kijana hilo neno gani?"

"Mwalimu shikamoo, mi sijui, ila lipo."

"Huwezi ukaandika neno usilojua maana yake."

"Sheria haisemi hivyo mwalimu."

Na kweli sheria haisemi hivyo. Kinachoulizwa ni moja tu, lipo kwenye orodha au halipo, basi. Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na Kifaransa haongei, alikariri orodha ya maneno, halafu 2024 akaenda kuchukua na wa Kihispania hivyohivyo. Mwaka huohuo wa 2015 ubingwa wa Kingereza aliubeba Mnaigeria Wellington Jighere kule Perth Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Kwahiyo mtu asikutishe na digrii yake, kijana wa boda mwenye karatasi ya buku anamfunga aliyefundisha hilo somo miaka yote. PHPHT ni pointi 15 kavukavu ila yeye alikuwa kaangukia kwenye kiboksi cha kuzidisha neno mara tatu, piga mwenyewe. Mwalimu alilipa soda bila maneno mengi, mzee muungwana yule.

Sasa kasoro za karatasi, maana ipo na uchafu wake. Toleo la kwanza lina KG, KM, DR na TV. Jamani hivyo ni vifupisho, na vifupisho haviruhusiwi kama ambavyo majina ya watu na miji hayaruhusiwi, sijui aliokota wapi, nadhani alikaa akafikiria vitu vyote visivyo na irabu anavyovijua akaandika. Kuna ugomvi mkubwa ulitokea Ujiji kwa ajili ya TV. Zikate na kalamu.

Kasoro ya pili ni kwamba hajatenganisha orodha mbili. Marekani na Kanada wana orodha yao, huku kwingine mashindano mengi yanafuata ya Collins, kamusi ya Waingereza. Yenye herufi mbili HM, MM na SH yanakubalika pande zote, lakini CH na ST ni ya Collins tu. Mwenye apu ya Kimarekani kwenye simu atakukatalia CH mchana kweupe na simu itamuunga mkono. Kabla hamjavuta herufi kubalianeni mnatumia ipi, msisubiri mpaka mtu kafungwa.

Halafu karatasi imeyapanga yote kama yana uzito sawa, kumbe hapana. Mengine ni pambo. ZZZ kwa mfano, mchezo mzima una Z moja, kwahiyo unatumia Z na blanki zote mbili, na blanki haina pointi, unapata 10 zilezile za Z, ni ufujaji wa hali ya juu, mtu kama ana Z na blanki mbili mkononi anaweza kufanya mambo ya maana. TSKTSK nayo, K ni moja kwenye mfuko mzima, lazima blanki. TSK yenyewe iko poa, pointi 7, ndo ule msonyo wetu sisi watu tunauandikaga mxiiii, ukipata S unaongeza nyuma inakuwa TSKS. PFFT pointi 12. PSST na NTH sita sita. BRR tano. SHH tisa.

Ila ukiniuliza mimi, hela iko kwenye HM na SH, sio kwenye yale marefu. Vidogo hivi unavibananisha pembeni ya neno la mwenzio, unahesabiwa upande wa kulala na upande wa kusimama. SH ukiiacha wazi mwenye A anaipachika mbele inakuwa ASH, mwenye E anaweka nyuma inakuwa SHE, HM nayo ikipata O mbele ni OHM. Kwahiyo usiiache wazi hovyo karibu na kiboksi chekundu, kile cha kuzidisha neno mara tatu. Wengi hawaangalii hili, wanafurahia neno la ajabu limeingia, raundi inayofuata wanalia.

Na Y msiisahau, karatasi imeiacha kabisa kwa sababu jamaa kaichukulia kuwa irabu, sawa ana hoja yake, lakini kwenye kibao chako iko upande wa konsonanti na inaokoa sana, MY, BY, LYNX, MYTH. RHYTHMS ni herufi saba zenye pointi 18, ukizimaliza zote kwa mpigo mmoja unaongezewa bonasi 50. Mi sijawahi kuiona ikitokea ila natamani.

Boksi sasa. Shida yake kubwa ni wino. Herufi zimechapwa juu tu hazijachongwa, na huku kwetu watu wanacheza huku wanakula, mgebuka wa kukaanga na mihogo, vidole vina mawese mpaka kwenye kiganja. Haukupita muda I moja ikafutika yote ikabaki kipande cheupe, sasa tuna blanki tatu, na mwenye kuipata anakaa kimya kama hajaona kitu. Tulichora na makapeni ikaonekana hata kwa nyuma, ndo balaa jipya, kila mtu anaijua I ile ikiwa mfukoni. Dawa niliyoiona ni kuzipaka rangi ya kucha isiyo na rangi zote 100 siku ya kwanza, dada yangu alifanya hivyo za kwake bado zinasomeka. Ule mfuko peleka kwa fundi cherehani, jero tu.

Tumejaribu pia kucheza Kiswahili kwa boksi hilihili. Hapana. K moja? Hata KUKU huandiki bila blanki. A tisa zinaisha mchezo haujanoga, Q na X inabidi uzitupe nje, na maneno yasiyo na irabu ndo hamna kabisa, mwisho tukaruhusu MH maana kila anayevuta herufi mbaya alikuwa analitamka hilohilo.

Boksi nalipa nyota tatu, karatasi nne. Jamaa kasharekebisha, ile mpya haina KG na TV na ameweka alama pembeni ya yale ya Collins, ila za zamani bado anazo kaunta na ndo anazitoa kwanza, mwambie akupe ile yenye kichwa cha habari cha bluu.