Katana 100 MkII, Tube Screamer na RAT: uzoefu wangu kwenye bendi ya roki

Bendi yetu ina magitaa mawili, besi, ngoma na mwimbaji. Tunapiga roki nzito hapa Nairobi, mji wenye mashabiki wa roki wengi kuliko wageni wanavyodhani. Bendi kama Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy zilitutangulia na kutusafishia njia. Amplifaya yangu ni Boss Katana 100 MkII na mbele yake nina pedali chache, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Nimezitumia mazoezini na jukwaani kiasi cha kuzijua tabia zake, na naandika kwa sababu vijana wanaoanzisha bendi huniuliza maswali yale yale: wati ngapi? Ya tyubu, zile taa za kioo za kizamani zinazokuza sauti, au isiyo ya tyubu? Pedali gani kwanza?

Majibu yangu yote yanatoka sehemu moja. Vyombo vya bendi vichaguliwe ndani ya bendi. Sauti inayokupendeza ukiwa peke yako dukani au chumbani mara nyingi ndiyo inayopotea mpiga ngoma akianza kazi.

Sababu iko kwenye sikio lenyewe. Sauti ikiwa ndogo, sikio la mtu halishiki vizuri besi ya chini kabisa wala trebo ya juu. Ndiyo maana ukiwa chumbani mkono unaenda wenyewe kuongeza besi, kuongeza trebo na kushusha midi, yaani sauti za katikati, na gitaa linasikika pana na la kutisha. Sasa lipeleke studio. Waya mzito wa gitaa, E ya chini, uko kama hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na E ya chini ya besi iko kama hezi 41. Kwa hiyo ile besi uliyoiongeza inaingia moja kwa moja kwenye eneo la mpiga besi na ile ngoma kubwa ya mguu. Trebo uliyoiongeza inafunikwa na matoazi. Na midi, pahali gitaa linapoishi hasa, wewe umeitoa. Hapo watu wengi huongeza sauti, mwenzako naye anaongeza ya kwake, na mwimbaji ndiye anayeumia koo.

Katana yangu niliinunua ikiwa imetumika, na mwenyewe alitukubalia tuijaribu studio pamoja na bendi nzima kabla ya kulipa. Sharti hilo nawashauri wote muliombe. Ilikuja imesetiwa kichumbani (nobu tunazisoma kama mshale wa saa, saa sita ikiwa juu katikati): besi saa tisa, trebo saa tisa, midi imelala chini kabisa. Tukapiga wimbo mmoja hivyo hivyo. Mpiga ngoma akasimamisha: “Buda, mikono yako naiona, gitaa silisikii.” Nikashusha besi hadi saa nne, trebo nikaisimamisha saa sita, midi nikaipandisha saa nane. Nobu ya sauti sikuigusa. Tukarudia wimbo ule ule, na safari hii kila mtu chumbani akaligeukia gitaa. Ukilisikia lenyewe tu lilikuwa kavu kidogo, lina pua. Ndani ya bendi lilikuwa limekaa pahali pake barabara.

Kuhusu wati, watu wanahangaika bure. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na hiyo ni tofauti unayoisikia lakini si kubwa. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa maana hiyo Katana ya wati 50 haiko mbali na ya wati 100, na kwenye ukumbi wenye maiki mbele ya spika inatosha bila wasiwasi. Nilichukua ya 100 kwa sababu nyingine. Ina tundu la kutoa sauti na kuirudisha, lile la kuchomekea dilei, pedali ya mwangwi, katikati ya amplifaya, ambalo ile ya 50 MkII haina. Tena inapokea pedali kubwa ya miguu ya kubadilisha chaneli, GA-FC. Na sauti safi ya ile ya 100 haipasuki haraka ukipiga kwa nguvu. Kwa anayepiga nyumbani na mazoezini tu, ile ya 50 ni chaguo la busara na haina cha kumwonea aibu mtu.

Niliipima pia na Marshall DSL40CR, ya tyubu, wati 40. Niseme wazi: naipenda sauti ile. Zile tyubu mbili za EL34 zikishaanza kufanya kazi, noti inajibu kidole. Ukipiga kwa upole inanyamaza na kusafika, ukikaza inakoroma, na hakuna hesabu unayopiga kichwani. Katana inakaribia, haifiki. Lakini Marshall ile ina kilo karibu 23 na Katana ina kilo zisizofika 15, na mimi nasafiri na vyombo vyangu kwa matatu. Makanga atakukubalia amplifaya moja chini ya kiti cha nyuma. Ya kilo 23 utagombana naye na mgongo utakuuma. Tyubu zenyewe huchakaa, zinataka kubadilishwa, na kupata jozi ya EL34 zilizolingana si jambo la kuingia duka lolote na kutoka nayo. Zaidi ya yote, tyubu zinapendeza zikisukumwa kwa sauti kubwa. Studio yetu imezungukwa na nyumba za watu. Katana ina swichi ya nguvu yenye ngazi tatu, wati 0.5, 50 na 100, na kwenye 0.5 napata ukoromo mzuri bila mtoto wa jirani kuamka. Kama bendi yako ina gari na pahali pa kupigia kelele, sikiliza Marshall kwanza.

Ndani ya Katana kuna sauti tano: Acoustic, Clean, Crunch, Lead na Brown. Brown ndiyo inayouza amplifaya hii, na dukani kila mtu anaikimbilia. Mimi nakaa Crunch, geini, nobu ya ukali, saa tatu tu, kiasi kwamba kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) inapasuka kidogo nikikaza mkono. Ukali mwingine wote unatoka kwenye pedali. Najua amplifaya yenyewe imejaa efekti, na ukiiunganisha na kompyuta kwa programu ya Boss Tone Studio unafungua nyingi zaidi. Riveba yake naitumia kila siku. Ila jukwaani nataka kitu ninachoweza kukanyaga na kugeuza nobu yake bila kufikiria, na hapo pedali haina mpinzani.

Pedali ya kwanza ya kununua, kwa maoni yangu, ni Ibanez Tube Screamer TS9. Ni pedali ya kijani ya mwaka 1982, yenye nobu tatu, na watu wengi huitumia kinyume na ninavyoitumia mimi, yaani kama chanzo cha distoshini, ule ukoromo wenyewe. Mimi naweka Drive karibu na sifuri, Tone saa sita, Level juu sana. Hapo pedali haileti ukali mwingi wa kwake, inaisukuma amplifaya. Kitu cha maana zaidi ni kwamba umbo lake la sauti linakata besi ya chini na kuinua midi kwenye eneo la hezi 720 hivi. Nikifika kwenye solo naikanyaga, na gitaa linatoka mbele bila mimi kupita mwimbaji kwa kelele. Kwa riffu, vipande vifupi vinavyorudiwa, za nyuzi nzito pia inasaidia, maana ile besi iliyokatwa ndiyo inayoyafanya mapigo ya haraka yasishikane.

Nililinganisha na Big Muff, fazi (pedali ya ukoromo mzito) maarufu ya Electro-Harmonix. Peke yake ni sauti ya ajabu, nene, ndefu, haitaki kuisha. Lakini inajulikana kwa kuzama midi, na kwenye bendi yenye magitaa mawili ilizama nayo. Mwenzangu akiingia tu, mimi sipo. Bendi ya watu watatu, gitaa moja na besi, ni habari tofauti kabisa. Huko pana nafasi ya sauti pana kama ile, na ningeichukua bila kusita.

Distoshini yangu ni RAT 2 ya Pro Co. Iangalie vizuri nobu yake ya katikati, Filter, kwa sababu inafanya kazi kinyume na tone ya kawaida: ukiizungusha kulia unapunguza trebo. Mimi naiweka saa saba hivi. Nobu ya Distortion naiweka saa tano na siipandishi. Magitaa mawili yenye geini kubwa yakikutana, kodi zinageuka uji, na mtu aliye nyuma ya ukumbi hatambui kama mmebadilisha kodi au mko pale pale. Tulipopunguza geini wote wawili, bendi ilionekana nzito zaidi. Nimewaona wapiga gitaa wakibisha jambo hili mpaka wajirekodi kwa simu kutoka kona ya mbali ya chumba. Jirekodini.

Dilei ni Boss DD-8 na nimeichomeka kwenye lile tundu la nyuma la Katana, si mbele pamoja na nyingine. Kwa kuwa ukoromo wangu kiasi unatokea ndani ya amplifaya yenyewe, dilei ikikaa mbele ile mwangwi nayo inapasuliwa na kuchafuka. Ikikaa baada ya ukoromo, mwangwi unatoka safi, unafuata noti kwa nyuma bila kuipanda kichwani. Pedali ya kutuni, Boss TU-3, inakaa mwanzo kabisa wa mnyororo wa pedali. Wengi huiona ya anasa. Jukwaani huna jinsi nyingine rahisi ya kutuni huku umenyamaza, na bendi iliyotuni vizuri inavumiliwa hata vyombo vikiwa vya bei ndogo.

Umeme unastahili kuzungumziwa kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo pesa huungua. Pedali zangu zote zinataka volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta za barabara ya Luthuli hapa mjini ni nyingi na baadhi ni nzuri, lakini soma ule mchoro mdogo wa duara mbili kwenye kibandiko chake: kama chanya iko katikati, usiichomeke. Soma pia miliampea. TS9 inakula kidogo sana, inaishi hata kwa betri ya 9V. DD-8 inataka miliampea 65, na ukijumlisha zote unataka adapta yenye nafasi ya ziada. Waya mmoja wa kugawanya umeme kwa pedali zote ni wa bei rahisi, ila pedali ya kidijitali ikishiriki waya na RAT mara nyingi utasikia mluzi mwembamba kila ukinyamaza. Dawa yake ni chanzo cha umeme chenye matundu yaliyotengwa, kila pedali na lake. Kinagharimu karibu sawa na pedali moja, na mimi ningekinunua kabla ya dilei.

Kwa amplifaya iliyotumika, igeuze usome nyuma kabla hujaichomeka popote. Nyingi zinaingia kutoka Marekani zikiwa za volti 120. Soketi zetu ni volti 240. Fundi mmoja mjini alinionyesha transfoma iliyochomekwa moja kwa moja bila kusomwa, nyeusi upande mmoja na harufu bado imo. Kama ni ya 120, hesabu na bei ya transfoma ya kushushia umeme, na uzito wake pia. Pale ambapo umeme unapanda na kushuka, stabilaiza si kitu cha kujadili.

Yapo ambayo ningependa yawe tofauti kwenye Katana. Vitufe vya efekti vinabadilisha rangi, kijani, nyekundu na njano, na kila rangi ni efekti nyingine. Chini ya taa za jukwaa rangi hizo hazisomeki kirahisi. Kizima kelele kimo ndani lakini unakifikia kwa kompyuta, jambo linalomsumbua mwenye gitaa la singo koili, lenye pikapu zinazovuma, akiwa kwenye Brown. GA-FC inauzwa kando, kwa hiyo iweke kwenye hesabu mapema.

Na usiiache sakafuni ikitazama magoti yako. Spika ya inchi 12 hurusha trebo mbele kama boriti nyembamba. Wewe uliyesimama juu yake huisikii, unaongeza, na walio mstari wa mbele wanakatwa masikio. Ipandishe kwenye kiti au iegemeze nyuma ikutazame usoni. Maiki, kama fundi mitambo anayo SM57, mwombe aianzishe kati ya kitovu cha koni na ukingo wake. Katikati kabisa inachoma, ukingoni inafifia.

Sasa hivi mwenzangu wa gitaa la pili anatafuta ya kwake, na alitaka Katana kama yangu. Nimemwomba asinunue hiyo. Tunamtafutia Vox AC15, ya tyubu za EL84, inayong'aa juu zaidi, ili yeye akae juu kidogo na mimi nibaki kwenye midi. Jumamosi tunakwenda kuisikiliza moja, na mpiga ngoma anakuja naye.