CR12 ya eCitizen: dawa ya kilemba cha ukoka

Mteja mpya anayekusifia wiki nzima kisha akaomba mali kauli ya siku 30 apekuliwe kabla gari halijapakiwa. Kwa kampuni za Kenya, hati ya kumpekulia ni CR12, yaani orodha rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa, inayotolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Iombe mwenyewe kwa akaunti yako: unaingiza jina au namba ya kampuni, unalipa, unapakua. Ile PDF anayokurushia kwa WhatsApp haina maana. Huenda ni ya kabla hajauza hisa zake, au imechezewa.

Ikifika, anza na wakurugenzi. Bosi aliyekukaribisha chakula akikosekana hapo, pengine ni mwajiriwa au dalali tu, na sahihi yake kwenye LPO (hati ya kuagiza bidhaa) utaibishania baadaye. Kisha tazama tarehe ya usajili: "tuko sokoni miaka kumi" na kampuni ilisajiliwa Machi iliyopita, hapo kuna maswali. Mtaji wa shilingi 100,000 uliogawanywa hisa 1,000 ni jambo la kawaida, si dalili ya utapeli. Ila ujue kwamba mwenye hisa akishazilipia, kampuni ikifilisika hadaiwi zaidi. Deni lako la milioni mbili litabaki likisubiri mali ya kampuni, kama ipo.

Namba ikianza na BN, hilo ni jina la biashara na halina CR12. Usiogope: mwenye jina la biashara anadaiwa yeye binafsi, na kwa mkopeshaji hiyo ni afadhali.

Huduma hukwama kwa kampuni za zamani ambazo hazijaunganishwa na eCitizen. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba CR12 haikuambii kama jamaa hulipa madeni, wala haimwoni mmiliki halisi aliyejificha nyuma ya majina ya watu wengine. Lori analojivunia litafute NTSA, mamlaka inayosajili magari, uone limeandikishwa kwa nani, na sajili ya dhamana iliyoundwa kwa sheria ya 2017 itakuonyesha kama bidhaa zake zimewekwa rehani benki.

Yote yakilingana, bado dai dhamana ya kibinafsi, yaani ahadi ya kulipa mwenyewe kampuni ikishindwa, iliyotiwa sahihi na mkurugenzi aliyemo kwenye CR12, pamoja na nakala ya kitambulisho na PIN yake ya kodi. PIN unaihakiki iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, bure.