Seti ya kwanza ya treni: Hornby OO kwa anayeanzia Nairobi

Anayeanza treni za modeli Nairobi ningemshauri aanze na seti ya Hornby, kampuni ya Uingereza, ya kipimo cha OO (treni iliyopunguzwa mara 76), na sababu kubwa ni stima. Seti za soko la Uingereza huja na adapta ya pini tatu inayoingia kwenye soketi zetu moja kwa moja na kustahimili volti 240. Kampuni ya Kato ya Japani ina reli zinazoshikana vizuri zaidi, tena ni ndogo, inafaa nyumba finyu. Lakini vifaa vya stima vya huko vinaweza kuwa vya volti 100 tu. Vya namna hiyo ukivichomeka hapa vimeungua. Soma maandishi ya adapta kabla ya kulipa.

Ubao wa kutandikia reli haumo kwenye boksi, na hapo ndipo kazi ilipo. Nunua plaiwudi ya milimita 9, futi 8 kwa 4. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ni ngumu kwa misumari midogo ya reli na huvimba ikipata maji. Reli 8 za kona za nyuzi 45 hufunga duara: zenye nusu kipenyo cha milimita 505 huchukua upana wa 1,010, na ubao una takriban 1,220, kwa hivyo kila upande inabaki kama sentimita 10. Zile za 438 huacha nafasi zaidi, ila mabehewa marefu hupita humo yakionekana vibaya. Ngazi za fleti nyingi hazipitishi shiti nzima. Ikatwe katikati palepale dukani, kila nusu iwekewe fremu ya mbao kavu za inchi 2 kwa 1 zilizosimamishwa kwa ubavu, kisha ziungwe kwa bolti. Pointi, yaani reli ya kubadilishia njia, isikae juu ya kiungo hicho. Sokoni Gikomba mbao zipo tele. Chagua zilizokauka, maana mbichi hupinda na reli hupinda nazo.

Usigongomee msumari hadi mwisho. Taruma, kile kipande cha chini kinachoshikilia reli, likibonyea, reli mbili husogeleana na magurudumu hupanda nje.

Treni ikipunguza mwendo upande wa mbali, usilaumu injini: viungo vya reli vinapoteza umeme. Lehemu jozi moja ya nyaya upande wa pili wa duara, uzirudishe kwenye kidhibiti cha mwendo. Chunga kushoto na kulia visibadilishane, la sivyo ni shoti. Pointi za Hornby nazo hupeleka umeme njia iliyofunguliwa tu, hivyo treni iliyosimama njia ya pembeni haijaharibika.

Vumbi la Nairobi hufanya injini isite na taa zipepese. Pangusa reli kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya aisopropili wanayosafishia sakiti mafundi wa simu. Spiriti ya hospitali iache. Baadhi huwa na mafuta ya nyonyo, na mafuta hayo hunasa vumbi zaidi. Msasa usiguse reli kabisa, kwa sababu mikwaruzo yake hushika uchafu.